Kupaki gari la otomatiki: mzigo ubebwe na hendibreki, si P

Ukipita Isamilo, Mwanza, asubuhi, pale magari yalipolala kando ya barabara kwenye mwinuko, simama kidogo usikilize watu wanavyoondoka. Mtu anaingia, anawasha, anakanyaga breki, anatoa gia kwenye P (ya kupaki), na gari linalia "kluk!" huku likitikisika. Wengi wameizoea sauti hiyo hata wanaihesabu kuwa ndiyo tabia ya gari la otomatiki. Siyo. Ukiisikia, ujue usiku kucha gari zima lilikuwa limelalia kipande cha chuma kinachokaribia ukubwa wa kidole chako.

Nami niliendesha hivyo karibu miaka miwili. Nilijifunzia gari la manuali, na siku niliponunua Vitz niliambiwa, "Hii haina kazi, ukifika weka P, zima, shuka." Hendibreki nikaiona ni kitu cha mtihani wa leseni. Aliyenizindua ni fundi wa mtaani kwetu. Alikaa kwenye kiti cha dereva, gari likiwa limeelekea chini, akatoa gia kwenye P, akaisikia ile sauti, akanigeukia: "Dada, hili gari unalilaza kwenye P peke yake. Siku P ikichoka, litaondoka bila wewe."

P inafanya nini hasa

Ndani ya giaboksi kuna gurudumu la meno lililoungana na mhimili unaozungusha matairi. Ukiweka P, jino moja dogo la chuma linashuka na kuingia katikati ya meno ya gurudumu hilo, na mhimili haugeuki tena. Hakuna pedi inayobana wala kitu kinachosuguana. Ni komeo tu, na kazi ya komeo ni kufunga kitu kilichokwisha kutulia.

Kwa kuwa ni komeo, lina udhaifu wake. Jino linaweza kutua juu ya jino jingine badala ya kuingia kwenye nafasi, na hapo gari husogea kidogo mpaka liingie. Ndiyo maana ukiweka P kwenye mteremko na kuachia mguu, gari huteremka kidogo kisha hukwama kwa mshtuko. Ukiweka P gari likiwa bado linatembea, jino linarukaruka juu ya meno, "kra-kra-kra", halishiki, na linaweza kuvunjika. Na gari jingine likikugonga ukiwa umepaki, pigo lote linaishia kwenye kipande hichohicho.

Jambo jingine ambalo madereva wengi hawalijui: P hufunga matairi yanayovutwa na injini tu. Kwenye Vitz, IST, Passo na magari mengi madogo ya kawaida tunayoagiza kutoka Japani, hayo ni matairi ya mbele. Hendibreki kwa kawaida hushika ya nyuma, na huyashika kwa waya wake yenyewe, si kwa mafuta ya breki. Hivyo hata mafuta ya breki yakivuja yote njiani, hendibreki ya waya bado inaweza kukushikia gari. Ukizitumia zote mbili, matairi manne yote yameshikwa. Ukitumia P peke yake, mawili yapo huru.

Hatua za kupaki

Mpangilio huu nimeushika mpaka mikono inaufanya yenyewe. Ni ule ule popote, ila kwenye mteremko ndipo utauona umuhimu wake.

1. Ingia kwenye nafasi yako taratibu, kwa mguu wa kulia peke yake. Gari la otomatiki likiwa kwenye D (kwenda mbele) au R (kurudi nyuma) hutembea lenyewe bila mafuta, kwa hiyo mguu ukae juu ya breki, uwe unalegeza na kukaza. Ajali nyingi za kugonga ukuta wakati wa kupaki hutokea dereva anapokanyaga mafuta akidhani amekanyaga breki, kisha anapoona gari linaruka anazidi kukanyaga. Usitumie miguu miwili. Vua malapa pia. Lapa hujikunja chini ya pedali.

2. Simama kabisa. Matairi yasiwe yanatembea hata kidogo.

3. Mguu ukiwa bado umekaza breki, peleka gia N (huru).

4. Vuta hendibreki mpaka ikaze kwelikweli.

5. Sasa legeza breki ya mguu polepole. Gari litajisogeza kidogo sana, kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti, kisha litatulia. Hapo uzito umekaa kwenye hendibreki. Likiendelea kuteremka, kanyaga breki haraka, uvute zaidi. Likikataa kushika kabisa, hendibreki yako ni mbovu. Usiliache gari hapo, tafuta mahali tambarare.

6. Kanyaga breki tena ndipo upeleke gia P. Usiiruke hii, kwa sababu kutoka N kwenda P mkono wa gia hupitia R.

7. Angalia dashibodi usome herufi P kwa macho. Zima gari, toa ufunguo. Kwenye magari mengi ya ufunguo, ufunguo hautoki kama gia haijaingia P. Ukigoma, usiuvute kwa nguvu, rudi uangalie gia.

Kwenye uwanja tambarare unaweza kufupisha: simama, vuta hendibreki, weka P, achia mguu. Mimi sifupishi, maana nikizoea kufupisha sokoni nitafupisha na mlimani.

Wakati wa kuondoka, geuza mpangilio. Washa, kanyaga breki, toa gia kwenye P uipeleke D au R, ndipo ushushe hendibreki, mwisho uachie mguu. Ile "kluk!" hutaisikia tena. Ukishusha hendibreki kwanza gari likiwa bado kwenye P, umelirudishia jino la P uzito ule ule, na usiku kucha wa kuvuta hendibreki umekuwa wa bure.

Itatokea siku gia igome kutoka P. Kwanza hakikisha breki umeikanyaga sawasawa, maana gari haliruhusu gia itoke bila hiyo. Ikiendelea kugoma, mwombe mtu asimame pembeni aangalie kama taa za breki nyuma zinawaka. Zisipowaka, huenda swichi ya pedali ya breki imekufa, na gari halijui kwamba umekanyaga. Karibu na mkono wa gia, magari mengi yana kitufe kidogo au kitundu chenye kifuniko: ukibonyeza hapo kwa ncha ya ufunguo, breki imekanyagwa na hendibreki iko juu, gia inatoka. Ni njia ya kukufikisha gereji, isiwe ya kila siku. Na kama gia imegoma kwa sababu gari limelalia P mlimani, kamwe usiwaite vijana waje walisukume kutoka upande wa chini. Tafuta gari livute kwa kamba taratibu kuelekea juu, uzito utoke kwenye jino.

Matairi uyageuze wapi

Kabla hujazima, amua gari lingeelekea wapi kama kila kitu kingeshindwa. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukingo uko kushoto kwako.

Ukipaki ukiwa umeelekea chini, kata usukani kushoto, tairi la mbele liegemee ukingo wa zege. Ukipaki ukiwa umeelekea juu na pana ukingo, kata kulia. Gari likirudi nyuma, sehemu ya nyuma ya tairi la mbele itagota kwenye ukingo na kusimama. Kama hakuna ukingo, kata kushoto iwe unaelekea juu au chini, ili gari liende nje ya barabara, lisiingie kwenye magari na watu. Kwa walio Kigali, Bujumbura, Goma na Bukavu, ambako milima ni mikali na watu huendesha kulia, geuzeni yote haya.

Barabara nyingi za mitaani kwetu hazina ukingo, zina mtaro. Gari kuingia mtaroni ni hasara, lakini ni afadhali kuliko kuingia kwenye banda la mama anayekaanga samaki. Ukiona chini yako pana watu, meza za biashara au kituo cha bodaboda, ondoka hapo upaki kwingine. Na hata ukipata sehemu nzuri, jiwe moja kubwa lililosukumwa vizuri nyuma ya tairi halijawahi kumwaibisha mtu.

Kushuka kufungua geti

Kama utasoma sehemu moja tu, isome hii.

Jioni moja, baada ya yule fundi kunifundisha, nilifika nyumbani nimechoka. Geti letu liko juu ya kimwinuko. Nilisimama, nikasukuma gia mbele nikiamini imefika P, nikavuta hendibreki kidogo, "krik, krik", kwa kuwa nilikuwa nashuka dakika moja tu. Injini ilikuwa inaunguruma. Gia ilikuwa imeishia R. Hendibreki ile ya nusu ililishika gari nilipotembea hatua sita mpaka getini, nikaingiza ufunguo kwenye kufuli, ndipo nikasikia kokoto zikisagika nyuma yangu. Nilipogeuka, gari lilikuwa linarudi lenyewe, mlango wa dereva uko wazi. Lilishuka mpaka ukuta wa jirani. Pale penye ukuta ndipo watoto wanne walikuwa wakicheza mpira nilipokuwa napita, na mama mmoja alikuwa ameshawaita waende kuoga.

Tangu siku hiyo, nikishuka kufungua geti nazima gari na ufunguo naushika mkononi. Kila mara, hata mvua ikinyesha. Kuwasha tena hakuchukui sekunde tatu.

Usidhani ni jambo la wageni wa kuendesha. Juni 2016, mwigizaji Anton Yelchin, akiwa na miaka 27, alifariki nyumbani kwake Los Angeles baada ya gari lake, Jeep Grand Cherokee, kurudi nyuma kwenye njia ya mteremko na kumbana kwenye nguzo ya matofali na uzio. Miezi miwili kabla, kampuni ilikuwa imetangaza kuyaita magari ya aina hiyo kwa marekebisho, kwa sababu mkono wake wa gia ulirudi katikati kila ulipousogeza, na dereva hakuweza kutambua kwa mkono ameingiza gia ipi. Ndiyo maana nasisitiza kusoma herufi kwenye dashibodi. Mkono unaweza kukudanganya, na mtu aliyechoka hudanganyika upesi zaidi.

Kuna na hili: usimwache mtoto garini na ufunguo ukiwa umechomekwa. Mtoto hucheza na kila kinachosogea.

Hendibreki yako ni ya aina gani

Ya mkono wa kuvuta, iliyo katikati ya viti, ndiyo wengi wanayo. Kuishusha, ivute juu kidogo kwanza, bonyeza kitufe cha mbele kwa dole gumba, kisha ishushe mpaka chini kabisa. Wanaoshindwa huwa wanabonyeza kitufe bila kuivuta kwanza.

Ya mguu iko kwenye magari kama Harrier na Mark X: pedali ndogo kushoto kabisa, karibu na mlango au ukuta wa pembeni. Unaikanyaga mpaka ikaze. Kwenye mengi, kuiachia unaikanyaga tena mara moja. Mengine yana kishikio cha kuvuta. Aliyetoka kwenye gari la manuali aizoee gari likiwa limesimama, maana mguu wa kushoto una kumbukumbu ya klachi na unaweza kuikanyaga gari likiwa kwenye mwendo.

Ya umeme ni kitufe chenye herufi P ndani ya duara. Kwa mengi unakivuta juu kukaza, unasikia mota ikilia "zzzt" kule nyuma, na taa nyekundu inawaka. Usiamini kidole, amini taa. Na kile kitufe cha kulishikilia gari kwenye foleni bila kukanyaga breki si cha kupakia. Kimekusudiwa dereva aliye kitini.

Kuipima na kuitunza

Tafuta mteremko mdogo usio na watu. Simama, vuta hendibreki, weka N, legeza breki ya mguu. Gari likae. Hesabu pia milio ya "krik" unapovuta: magari mengi hukaza kati ya 5 na 9, na kitabu cha gari lako kinataja idadi yake. Ikipanda sana juu bila kukaza, waya umelegea au viatu vya breki vya nyuma vimeisha. Mwambie fundi akague viatu kwanza kabla ya kukaza waya. Fundi wa haraka hukaza waya tu; hendibreki inashika wiki mbili, kisha unarudi palepale.

Taa nyekundu ya breki ikibaki inawaka baada ya kuishusha, hakikisha imeshuka mpaka mwisho. Kama imeshuka, fungua boneti utazame mafuta ya breki. Yakiwa chini, ama pedi zimelika sana au yanavuja, na yote mawili yanataka fundi siku hiyohiyo.

Ukigundua umetembea na hendibreki ikiwa juu, utainusa kabla ya kuiona: harufu kama ya kitambaa kinachoungua, na gari linakuwa zito. Simama pembeni, ishushe, uache matairi ya nyuma yapoe yenyewe. Usiyamwagie maji.

Hendibreki isiyotumika hukwama. Waya hushika kutu ndani ya mfuko wake, na siku ukiivuta haishiki, au inashika na haiachii. Ndugu zangu wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, chumvi ya hewani inaharakisha hilo, kwa hiyo kuivuta kila siku ni sehemu ya kuitunza. Ila ukisafiri wiki kadhaa, na hasa kama gari limetoka kuoshwa, viatu vinaweza kugandana na drami. Hapo lipaki sehemu tambarare kabisa, weka P, ziba matairi kwa mawe au kabari mbele na nyuma, hendibreki uiache chini. Ni hali hiyo moja tu ninayoruhusu.

Kwenye kivuko

Septemba 29, 2019, pale Likoni, Mombasa, gari dogo lilirudi nyuma kutoka kwenye feri ya MV Harambee likazama, likiwa na mama na binti yake mdogo. Ilichukua karibu wiki mbili kulitoa chini ya maji. Nawataja kwa heshima, Mungu awarehemu, kwa kuwa tangu siku hiyo sijapanda feri ya Kamanga, ya huku kwetu Mwanza, bila kuwakumbuka.

Sakafu ya feri ni chuma, mara nyingi ina maji, na haitulii. Ukishaelekezwa nafasi yako, fuata hatua zote bila kufupisha: hendibreki ikazwe mpaka mwisho, gia P, injini izimwe. Usibaki kwenye D na mguu juu ya breki ukisubiri kuvuka. Simu ikilia, mguu hulegea. Fungua mkanda na ushushe vioo. Abiria wako, hasa watoto na wazee, washuke kwa utaratibu wa pale na wavuke kwa miguu yao. Mhudumu akikuomba usogee nyuma karibu na mlango wa feri na wewe huridhiki, mwambie, "Kaka, hapa sijisikii salama, nipe nafasi nyingine." Atakuelewa.

Kuinua gari kwa jeki

Pancha ikitokea, watu huweka P na kuanza kupiga jeki. Kumbuka P inashika mhimili, na mhimili unagawa nguvu kwa matairi mawili kupitia difu, yaani meno yanayoruhusu kila tairi lizunguke kwa kasi yake. Ukiinua tairi moja kati ya hayo mawili, lililo hewani linaweza kuzunguka huru, na lililobaki chini nalo likazunguka upande wake. Yaani gari la kuvuta mbele, ukiinua tairi la mbele ukiwa na P peke yake, halijashikwa na kitu. Litatoka kwenye jeki.

Vuta hendibreki, weka P, kisha tafuta mawe mawili na uzibe tairi lililo kona ya mkabala na lile unalobadilisha, moja mbele, moja nyuma. Legeza nati kidogo tairi likiwa bado chini, ndipo uinue. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki tu.

Ukimaliza, yaokote mawe yako uyatupe mbali na lami. Usiku, jiwe uliloliacha barabarani mwenye pikipiki hulijua tairi lake la mbele likishalipanda.